Lori Kwangu, Telekomande kwa Sofia

Wiki iliyopita mliniacha barabarani hapa mtaani Bel-Air nikipiga vigelegele. Kwa wale ambao gazeti lao liliishia kufungia karanga, nieleze upesi.

Mimi ni Feza, mke mkubwa wa Nasoro. Mume wangu alikuwa na lori lake mwenyewe, Mercedes ya buluu iliyotulisha miaka yote, mpaka ilipozama mtoni kwenye njia ya Kilwa, Kilwa yetu ya ziwani, pamoja na mzigo wa samaki. Nasoro alitoka mzima. Nyumba yangu haikutoka nzima, kwa sababu kabla ya ajali alikuwa ameshaniletea mke mwenza, Sofia, msusi wa mtaa wa Kamalondo, mwenye kiuno chembamba na salamu ndefu.

Baada ya lori kuzama, Nasoro alikaa barazani akitazama mikono yake tu. Kisha asubuhi moja akaniambia:

"Mama Abibu, vala kikwembe ya fête, ya sikukuu. Tunaenda kukamata lori."

Ndipo nikapiga vile vigelegele. Mtaa mzima ukatoka. Jirani yangu Mama Mwaba alikuja na unga mikononi, akanikumbatia akanipaka weupe mgongo mzima. Nikamwambia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka: Feza amepata lori tena.

Sasa sikieni.

Tulikwenda kwa citoyen Kalaba, maana siku hizi kila mwanaume huitwa citoyen, raia; yeye ni fundi wa umeme. Nasoro alikuwa ametanguliza mkokoteni wenye matairi mawili ya Mercedes, yale ya akiba yaliyobaki nyumbani, ambayo mimi nilikuwa nikiyakalia nikichagua mchele. Matairi hayo ndiyo malipo. Nikajiuliza ni lori gani linalonunuliwa kwa matairi mawili makuukuu, lakini furaha ina tabia ya kuziba masikio.

Uani kwa Kalaba niliona nguo zimeanikwa na bata mmoja.

"Lori iko wapi?" nikauliza.

Kalaba akaingia ndani, akatoka na katoni, akaiweka mezani.

"Njo hii, mama. Ndiyo yenyewe."

Lilikuwa lori kweli. Lilikuwa na magurudumu manne, kioo cha mbele na taa. Urefu wake, mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole.

Nilimtazama Nasoro nikingoja acheke. Hakucheka. Alichuchumaa mbele ya meza kama alivyokuwa akichuchumaa mbele ya Mercedes, akainamisha kichwa kuchungulia chini yake.

"Radiateur iko wapi?"

"Haina radiateur, citoyen. Hii ni ya courant, ya umeme. Inakula bateri, haikule mazout, dizeli."

"Na roue de secours, tairi ya akiba?"

Kalaba alijikaza asicheke. Alieleza kwamba vitu hivyo aliviacha mhandisi mmoja mgeni wa migodini aliyerudi kwao. Kila Jumapili alasiri, nyuma ya cercle, klabu ya wakubwa wa migodi, kwenye uwanja wa basket, wahandisi na vijana wa ofisini hushindanisha malori haya kwa telekomande, kidude cha kuyaongoza kwa mbali. Nasoro alikuwa amesimama nje ya ua wao Jumapili nyingi akitazama, na mimi nikidhani yuko msikitini.

Mezani kulikuwa na lori la pili, jembamba, la chini chini. Nasoro akalinyooshea mkono.

"Hapana," Kalaba akasema. "Mwenye kuanza haanze na ile. Ile inakimbia sana, utaipasula siku ya kwanza. Anza na hii ya magurudumu mukubwa. Ukigonga ukuta, ni hii bras, mukono ya gurudumu, itavunjika, na bras za kubadirisha ninakupa. Chargeur ya kujaza bateri ni hii. Telekomande ni hii. Na bateri unakamata mbili."

"Mbili za nini?" nikauliza mimi.

"Mama, bateri moja inakufa mbio. Wakati moja iko ndani ya lori, ya pili iko inakula courant. Mwenye bateri moja ni mwenye kuangalia benzake."

Bateri mbili. Nyinyi zikumbukeni. Mimi nilizisahau pale pale.

Kalaba alimpa telekomande mkononi, akamwonyesha usukani wake mdogo. Nasoro akausogeza kwa kidole. Magurudumu ya lori yakageuka kushoto, yakageuka kulia. Na mikono ya mume wangu, ambayo tangu siku ya mto alikuwa akiitazama tu, ikaamka.

"Feza," akasema polepole, "mikono yangu ilikuwa inauma juu ya kukosa kazi."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilimwonea huruma. Kisha nikaona anavyolitazama lile lori, na huruma ikaniisha. Mimi hakuwahi kunitazama hivyo tangu tuoane. Ndiyo, niliona wivu kwa kitu cha plastiki, na yule wa kuonewa wivu hasa nilikuwa bado sijamfikia.

Tuliporudi, Mama Mwaba alikuwa bado amesimama getini.

"Lori iko wapi, Mama Abibu?"

"Iko ndani ya carton," nikajibu, na nikafunga mlango kabla kicheko hakijafika.

Sasa lazima mjue kitu kuhusu Nasoro. Ni mtu wa haki. Mume wa wake wawili akiegemea upande mmoja, siku ya Kiyama atafufuliwa ubavu mmoja umelala, na Nasoro analiogopa hilo kuliko mto wa Kilwa. Akininunulia chungu, Sofia ana chungu. Kila Idi anatuletea vikwembe kutoka jora moja, vimekatwa sawasawa. Cha Idi iliyopita kilikuwa cha kijani chenye picha za funguo za njano. Na siku za kulala ni hivyo hivyo: mbili kwangu, mbili Kamalondo.

Kwa hiyo siku ile ile akamwita Sofia kwangu, akatandika mkeka, akamwaga vitu vya katoni.

"Hii ni bintu ya nyumba zote mbili," akasema. "Haiwezi kulala kwa mumoja. Mama Abibu, wewe mukubwa. Chagua wa kwanza."

Mimi mkubwa, nikachukua kikubwa. Nikalivuta lori mapajani mwangu.

Sofia akachukua telekomande kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Nasoro akaona upande wake mwepesi, akamwongezea chargeur na bateri.

"Aksanti, Baba Abibu. Aksanti, yaya," Sofia akasema, akiniita dada mkubwa, na akatabasamu.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Nilikuwa nimejichagulia mbuzi aliyechinjwa na kumwachia mwenzangu kisu, moto na chumvi. Lori lilikaa juu ya kabati langu bila kutikisika. Chochote ambacho Nasoro alitaka kulifanyia, ilimbidi alibebe Kamalondo.

Zamu yangu ya kwanza ilipofika, alikula bukari, ugali wa kwetu, akanawa, akalishusha lori, akalifunga taulo.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Sofia. Bateri inakula courant usiku muzima, na inapata moto. Nikiiacha yenyewe, itachoma nyumba ya muntu."

"Na zamu yangu?"

"Nitakurudishia, Mama Abibu."

Asiyejua uke wenza atasema, usiku mmoja tu, Feza, una nini? Nitawaambia nina nini. Mimi si msichana. Kiuno changu kimeshazaa, na mwanangu Abibu anafundisha shule Mitwaba. Katika yule mwanaume nilibakiwa na siku zangu mbili: sahani yake, maji yake ya kuoga, kukohoa kwake chumbani nikijua kuna mtu. Hizo siku ndizo zilizonifanya mke. Ukiniondolea, ninakuwa mpishi aliyesahaulika kuambiwa aende kwao.

Na alizichukua. Kwanza moja, kisha zote mbili. Kila mara bateri.

Jumapili nikaenda uwanjani kujionea mwenyewe.

Nasoro alikuwa anajifunza kabla ya mashindano, Sofia pembeni yake amevaa vizuri kama anaenda arusini. Lori lilipokwenda mbele likitupa mgongo, Nasoro aliliendesha vizuri sana. Lilipogeuka kurudi kwetu, aliharibu. Alikata kulia, likaenda kushoto, likagonga nguzo ya basket. Akalirudisha, akalitoa tena, likagonga tena. Wahandisi wakaanza kusukumana viwiko.

Nikajua kosa lake papo hapo. Maisha yake yote Nasoro aliendesha amekaa ndani. Hajawahi kuliona lori linamjia usoni. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikisimama uani mbele ya Mercedes inapoingia, mikono juu, nikimwongoza asibomoe jiko. Kushoto kwake ni kulia kwangu: hilo nililijua kama ninavyojua kufunga kilemba.

"Kushoto ya lori, Baba Abibu!" nikapiga kelele. "Ya lori, hapana ya kwako!"

Aligeuka. Alinitazama, na kwa kitambo kidogo nikaona zile jioni zetu machoni mwake, lori linaunguruma, mimi nampungia aje, aje, simama. Moyo ukanipanda.

Halafu akasema, "Sofia, jaribu wewe."

Na Sofia akaweza! Msusi huyo anayeshinda mbele ya kioo, akisuka kushoto akiona kulia. Lori lilikwenda, likarudi, likazunguka nguzo kama limefungwa kamba. Watu wakapiga makofi. Nasoro akainua mkono wa Sofia mbele ya wahandisi wote.

"Muone mikono ya bibi yangu!"

Bibi yangu. Kana kwamba ana mke mmoja. Mimi nilirudi Bel-Air kwa miguu, na njiani nilimtakia Sofia mambo ambayo gazeti haliwezi kuyaandika.

Aliyenipangusa machozi alikuwa rafiki yangu Honorine. Huyu ni mjane wa Kikasai, mwimbaji wa kwaya ya parokia. Serikali ilikataza majina ya ubatizo, lakini sokoni sisi tuliendelea na Honorine wetu. Alikuwa mteja mkubwa wa samaki wa Kilwa wakati Mercedes iko hai, na hata lori lilipokufa hakuacha kupita kwangu kila asubuhi, kikapu kichwani.

"Yaya Feza," akaniambia akivua viatu, "ule mutoto amekula bwana yako, na wewe uko unaangalia."

"Ni bateri, Honorine. Anasema lazima ailinde."

"Bateri! Kitu kidogo vile! Inapata tu kamoto kadogo mu mukono, sawa yayi inatoka kwa kuku. Njo kitu ya kulinda usiku muzima? Mimi hata ile lori sijaionaka na macho, lakini mambo ya banaume ninaijua."

"Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako," nikasema, nikimaanisha Sofia.

"Kabisa, yaya," Honorine akajibu, na akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Funga ile lori mu malle. Bila lori, telekomande yake ni bule. Utaona vile bwana atarudi."

Nikalifunga sandukuni. Kufuli nikaitia, ufunguo nikauvaa shingoni.

Nasoro alikuja zamu yangu, akala, akanawa, akanyoosha mkono juu ya kabati. Patupu.

"Lori iko wapi?"

"Imelala. Na wewe utalala."

"Mama Abibu, Jumapili iko course, mashindano. Batu banacheka mimi, banasema nilizamisha lori moja mu mayi, hata ya plastiki siwezi. Unipe ile lori."

"Unipe zamu yangu."

"Lori, Feza."

"Zamu, Nasoro!"

Akavaa viatu vyake, akatoka mikono mitupu. Nikangoja. Siku zangu zikapita, zikaja za Sofia, nazo zikapita, zikarudi zangu, na mume sikumwona.

Hapo wivu ukanila kabisa. Chakula hakishuki. Kila nikifumba macho namwona Nasoro Kamalondo, amelalia mapaja ya yule msusi, wananicheka mimi na kufuli yangu. Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, nikavaa kile kikwembe cha Idi, cha kijani chenye funguo za njano, nikakifunga kwa nguvu kiunoni. Nilikuwa nakwenda kupigana. Mke mkubwa mzima, na meno yangu yaliyobaki, nakwenda Kamalondo kupigana.

Nikafungua geti.

Sofia alikuwa amesimama pale pale, mkono umenyanyuka tayari kubisha. Amevaa kikwembe kile kile. Macho yamevimba. Kwenye kikapu chake, antena ya telekomande ilikuwa imechomoza.

"Yaya," akasema kabla sijamrukia, "kamata telekomande. Kamata na chargeur. Kamata byote, sitaki kitu. Lakini unirudishie bwana."

"Nikurudishie nani?"

"Ule unafunga humu ndani! Siku zangu zote mbili hakulala kwangu. Na kabla ya pale pia alikuwa anatoka. Anasema, leo ninalala kwa Feza, lori inalala kule, lazima niitengeneze. Nilinyamaza sababu wewe njo mukubwa. Lakini sasa, yaya, wiki muzima!"

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kisha kicheko kikanikauka mdomoni.

"Sofia. Kwangu hakulala."

"Yaya, hapana kunichezea."

"Ninaapa kwa Mungu. Kwangu anasema anaenda kwako, kulinda bateri."

"Kulinda? Bateri ninaiweka ku courant mimi mwenyewe, ninaenda kulala. Asubuhi imeshiba."

Tukasimama pale getini, wanawake wawili wa kijani, tukitazamana. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake vizuri. Ulikuwa umekonda kama wangu.

Nikamvuta ndani. Nikavua ufunguo shingoni, nikafungua sanduku, nikatoa lori.

"Uko na bateri ngapi?" nikamuuliza.

"Moja. Njo hii." Akaitoa kikapuni. "Ya pili si iko kwako, ndani ya lori?"

"Mimi nilijua ziko kwako zote."

Tukaligeuza lori, tukafungua tumbo lake. Tupu.

Sauti ya Kalaba ikanirudia. Unakamata mbili. Na Nasoro hajui kugawa kitu bila haki. Lori kwangu. Telekomande kwa Sofia. Bateri ya pili, kwa nani?

"Labda iliibiwa," Sofia akasema kwa sauti ndogo, akitaka nikubali.

Nilikuwa nimeketi kitandani na ile bateri ya kwake kiganjani. Ilikuwa imetoka kwenye courant mchana ule, na ilikuwa na joto. Joto dogo, tulivu, la kupendeza mkononi.

Sawa yayi inatoka kwa kuku.

Mtu ambaye hajaliona hata lori kwa macho. Amejuaje?

"Simama," nikamwambia Sofia. "Beba telekomande."

"Tunaenda wapi, yaya?"

"Ng'ambo ya reli."

Nikatia bateri ndani ya lori, nikalibeba kwapani. Mama Mwaba akatuona tukipita, mke mkubwa na mke mdogo bega kwa bega, jambo ambalo mtaa ule haukuwahi kuliona. Hata kucheka alisahau.

"Mama Abibu, lori inaenda wapi?"

"Ku kazi," nikamjibu.

Nyumba ya Honorine nilikuwa naijua. Nimekula pale, nimelia pale. Mbele ya mlango, kikapu chake cha samaki kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na kando yake kulikuwa na jozi ya viatu vya kiume. Sikuhitaji kuinama. Ni mimi niliyevipeleka kwa fundi kushonwa visigino.

Sofia aliviona naye. Alinishika mkono, na nikamwachia aushike.

Nikabisha.

Honorine akafungua mlango huku akimalizia kujifunga nguo, kama mtu anayengoja mgeni wa kawaida. Akatuona. Mikono yake ikabaki kiunoni, juu ya fundo la kikwembe.

Kikwembe cha kijani, chenye funguo za njano. Jora moja. Kimekatwa sawasawa na vyetu.

Nyuma yake, kwenye kiti kirefu, Nasoro alikuwa ameegemea ubavu mmoja, bateri ya pili kiganjani. Alimtazama Honorine, akanitazama mimi, akamtazama Sofia. Kisha macho yake yakashuka kwenye lori lililokuwa kwapani mwangu na telekomande iliyokuwa kikapuni, na mume wangu, mtu wa haki, akauliza polepole:

"Mumeleta byote?"

Sofia alinigeukia mimi, akiwa bado amenishika mkono.

"Yaya," akasema, "leo ni zamu ya nani?"